Giza la Kioo Si Kifo cha Kompyuta

Hakuna hukumu itolewayo upesi katika vibanda vya mafundi kama hii: "Imekufa." Mwenye mali huisikia, huinamisha kichwa, kisha huanza kuhesabu fedha za kununua nyingine. Aghalabu hakumbuki kuuliza: imekufa wapi, na imepimwaje? Ndugu msomaji, nimeshuhudia jinsi maswali hayo yalivyookoa akiba ya watu 28 pamoja na heshima ya mama mmoja, nami naona yafaa yajulikane katika kila nyumba yenye kompyuta.

Mambo hayo yalitokea Mlimba mwezi Juni 2023, nilipokwenda kumtembelea dada yangu. Mlimba ni mji wa mpunga na reli, kusini magharibi ya Ifakara, katika Bonde la Kilombero. Hapo ndipo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapoliacha bonde na kuanza kupanda milima kuelekea Makambako. Dada ni mtunza hesabu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wakulima na wachuuzi. Daftari lao la karatasi liliishia Machi. Tangu hapo hisa, mikopo na marejesho yote aliyaandika katika kompyuta mpakato ya kikundi. Siku tisa kabla ya mgawo wa mwaka, kioo kikawa cheusi.

Fundi wa kwanza aliyeitazama hakuifungua hata kidogo. Alimwambia dada kuwa imekufa, anunue nyingine. Dada alirudi nyumbani na mzigo mzito kuliko kompyuta yenyewe, kwa maana minong'ono ilikwisha kuanza. Mwanachama mmoja aliuliza mbele ya watu: iweje kompyuta ife karibu na siku ya kugawana fedha? Neno hilo halikumtaja mwizi, lakini kila aliyekuwapo alilielewa.

Ndipo tukamwendea mzee mmoja jirani, mstaafu wa kazi ya umeme katika reli, ambaye siku hizi hutengeneza redio na simu barazani kwake. Tulimwamkia, akaipokea kompyuta, wala hakushika bisibisi. Alianza kwa maswali.

"Mama, ukiiwasha inalia ile sauti yake? Feni inazunguka? Kioo kilizimika ghafla, au kilikuwa kikipepesa?"

Dada akajibu kuwa sauti ipo, feni inazunguka, na kwamba kwa majuma kadhaa mwanga ulikuwa ukikatika kila anapoinua kifuniko.

Mzee akaomba kurunzi. Tuliingia ndani, akafunga dirisha, akaiwasha kompyuta na kukimulika kioo kwa mshazari, karibu kabisa. "Tazama, mwanangu," akaniambia. Nikainama. Ndani ya weusi ule niliona, hafifu kama kitu kilicho chini ya maji, jina la kikundi na mahali pa kuandika neno la siri.

"Haijafa," alisema mzee. "Imezimikiwa na taa tu."

Akatufafanulia. Vioo vya kompyuta nyingi havitoi mwanga vyenyewe. Picha hufanywa na tabaka la fuwele za majimaji, ambazo kazi yake ni kuzuia mwanga au kuuruhusu upite, mithili ya vibao vya dirisha. Mwanga wenyewe hutoka nyuma. Katika kompyuta za zamani hutoka kwenye tyubu nyembamba kama mrija, inayohitaji umeme wa mamia ya volti kutoka katika kibao kidogo kiitwacho inveta. Katika nyingi zilizotengenezwa tangu takriban 2010, hutoka kwenye safu ya taa ndogo za LED. Taa hiyo ikizimika, picha hubaki palepale, ila haina wa kuiangaza.

Kwanza aliziokoa hesabu. Aliiunganisha kompyuta na runinga kwa waya, na mara orodha ya wanachama ikajitokeza, shilingi kwa shilingi. Dada aliinakili yote kwenye flashi, akaketi, akanyamaza kwa muda mrefu.

Kisha mzee akaanza kusaka kosa, akitangulia na lililo rahisi. Alibonyeza vitufe vya kuongeza mwanga, maana huenda ulipunguzwa mno. Akajaribu swichi ya kifuniko, ambayo ikinasa huiambia kompyuta kuwa imefungwa. Hapakuwa na dosari. Basi akachomoa chaja, akatoa betri, ndipo akafungua. Alionya kwamba kuchezea waya wa kioo wakati umeme ungalimo kwaweza kuunguza fyuzi, na kwamba tyubu ya zamani haifai kuvunjwa, kwa kuwa ndani yake mna zebaki.

Fyuzi aliipima kwa mita, ikawa nzima. Kosa lilikuwa bawabani: waya mmoja mwembamba wa kupeleka umeme kwenye taa ulikuwa umekatika kwa kukunjwa na kukunjuliwa kila siku. Ile habari ya kupepesa, aliyoiuliza kabla ya yote, ndiyo iliyomwelekeza huko. Akauunga kwa risasi, akaufunika kwa utepe, akamwagiza dada aagize waya mpya, kwa maana kiungo hicho ni cha muda tu. Kioo kikawaka.

Mgawo ulifanyika siku yake. Hesabu zilisomwa kwa sauti, na yule aliyeuliza swali alipokea fungu lake kimya. Hakuomba radhi, wala dada hakumdai.

Ndugu msomaji, si kila kompyuta yenye giza hutengenezeka. Ziko ambazo gharama hushinda faida. Lakini hukumu hiyo na itolewe baada ya kipimo. Kioo chako kikizimika, sikiliza kama mashine yaunguruma, mulika kwa kurunzi, unganisha na runinga. Nakili hesabu zako zingali salama, wala usingoje siku ya mashaka kufanya hivyo. Kisha mwendee fundi, na akikwambia imekufa, mwombe kwa adabu akuonyeshe kilichokufa. Fundi wa kweli haoni haya kuonyesha.