Kufundisha Ubunifu wa Protini kwa Waya, Shanga na Udongo

Walimu wengi tumezoea kufundisha protini kama habari ya chakula: maharage, samaki na mayai hujenga mwili. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Siku hizi wataalamu hubuni protini mpya ambazo hazijapata kuwako ulimwenguni. Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi nilivyolifundisha jambo hili hapa Mpanda, pamoja na kosa nililolitenda.

Nilianza na kitu anachokijua kila mwanachuo wa Katavi, yaani nyoka. Katika sumu ya swila na koboko mna protini ndogo zenye umbo la vidole vitatu. Baadhi yake hushika vipokeo vya misuli, amri ya neva isipite, hata aliyeumwa akashindwa kupumua.

Kila kikundi kilifinyanga vidole hivyo kwa udongo. Kisha nikawapa waya, shanga, mbegu na vipande vya mabua, jumla aina 20, kwa kuwa asidi amino zinazojenga protini ni za aina 20. Kazi yao ilikuwa kutunga mkufu na kuukunja hata uvifunike vidole barabara. Wanachuo waligundua wenyewe kwamba umbo linalotakiwa hutangulia, ndipo mpangilio wa shanga hutafutwa. Ndivyo wafanyavyo wataalamu: kompyuta hubuni umbo na kupendekeza mpangilio wa asidi amino, bakteria huitengeneza protini yenyewe, na maabara huamua ipi inafaa. Vikundi vilipopimana kazi, mikufu mingi haikushika. Hilo nalo lilikuwa somo.

Ndipo nikawasimulia habari za David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliyepata nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2024 kwa kubuni protini. Januari 2025 yeye na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Denmark, walitangaza protini zilizobuniwa ili kuzuia sumu hizo. Panya waliopewa sumu ya kuua walipona kwa asilimia 80 hadi 100, kutegemea sumu na kipimo. Nilisimulia kwa shauku kubwa.

Mwanachuo mmoja akasimama. "Mwalimu, dawa hiyo inapatikana hospitali gani? Mdogo wangu aliumwa katika shamba la tumbaku, akafia njiani."

Darasa zima likanyamaza. Nilikuwa nimewapa tumaini ambalo bado halijawa dawa. Majaribio yale yalifanywa kwa panya, si kwa binadamu, na sumu ya nyoka ni mchanganyiko wa vitu vingi. Dawa itumikayo hutokana hasa na damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo.

Nilimpa pole, nikakiri kosa langu mbele ya wote. Kipindi kilichofuata tuligawa ubao safu mbili: yaliyothibitika na yanayotarajiwa. Katika safu ya kwanza mwanachuo yule aliandika kwa mkono wake: aliyeumwa atulizwe, asichanjwe, asikazwe kamba, awahishwe hospitali.

Walimu wenzangu, tufundishe sayansi mpya bila hofu. Lakini kabla ya kuingia darasani, tuziandae safu hizo mbili.