Kanda Isiyo na Maneno

Najua nimekuwa kimya, si mnajua tena wiki za testi zinavyobana. Bumu limeingia na limeshatoka, kwa hiyo habari za pesa tuziache. Leo nataka niongelee ule ugonjwa wangu ambao wenzangu wa chumbani wanaujua vizuri: kutafuta muziki wa filamu za bajeti ndogo, zile ambazo hata waliozitengeneza hawakutegemea kama kuna mtu siku moja atauulizia.

Swali ninaloulizwa kila siku ni moja: "Sasa we si uushushe tu kwenye intaneti?" Jamani, ningeushusha! Tatizo ni kwamba muziki mwingi wa aina hii haukuwahi kutolewa. Haukuwa santuri, haukuwa kaseti, haukuwa sidii. Upo ndani ya filamu tu, na humo ndani hauko peke yake. Wimbo unaanza vizuri, ukishaanza kukuingia, mtu anafungua mlango na kuanza kugomba juu yake.

Hebu tuelewane hapo kwanza, maana ndipo ulipo mzizi wa jambo. Sauti ya filamu huwa na mafungu matatu: maongezi, muziki, na milio kama hatua za miguu, magari na mvua. Haya hutengenezwa mbalimbali, halafu mwishoni fundi anayachanganya yanakuwa kitu kimoja. Ni kama chai ya maziwa: ukishakoroga, nenda kayatoe maziwa tuone. Ukitaka muziki peke yake, lazima uipate kanda ya kabla ya kukoroga. Na kwenye filamu za watu wasio na hela, kanda hiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Inafutwa ili irekodiwe kazi nyingine, au kampuni inauzwa, stoo inahamishwa, basi tena.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni The Wicker Man, filamu ya Uingereza ya mwaka 1973 iliyoongozwa na Robin Hardy. Askari polisi mlokole kwelikweli anakwenda kisiwani Scotland kumtafuta binti aliyepotea, anakuta watu wa kule wana dini yao ya kale, na wanaimba. Wanaimba baa, wanaimba shuleni, wanaimba kwenye maandamano. Filamu ya kutisha, lakini nyimbo tamu kishenzi! Hadithi inatokea mwezi Mei, maua yamechanua, wakati kazi yenyewe ilianza kupigwa picha Oktoba 1972, kwenye baridi, hadi miti ikabidi ibandikwe maua ya bandia. Bajeti ilikuwa finyu kiasi kwamba Christopher Lee, aliyekuwa staa mkubwa tayari, alicheza bila kulipwa.

Nyimbo zilitungwa na Paul Giovanni, Mmarekani, mtu wa michezo ya jukwaani. Mwenyewe anaonekana kwenye filamu, ameshika gitaa baa. Aliyemsaidia kuukusanya muziki ule ni Gary Carpenter, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuo cha muziki, Royal College of Music ya London. Alikusanya vijana wenzake wenye magitaa, filimbi na fidla, wakajiita Magnet. Yaani hawa walikuwa kama sisi tu, vijana wanaotoka chuo na kupata kazi ya wiki kadhaa.

Filamu ikatoka, na wenye kampuni hawakuielewa. Ikakatwakatwa mpaka ikabaki dakika kama 88, ikapelekwa kwenye majumba ya sinema kama filamu ya nyongeza, ile ya kuonyeshwa pamoja na filamu kubwa. Santuri ya muziki? Hakuna. Ukawa mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Filamu ikajipatia watu wake, wale wanaoitazama mara ishirini na kuijua kwa moyo, lakini nyimbo zake walizisikia humohumo ndani tu. Giovanni akafariki mwaka 1990. Albamu ya kwanza ya muziki ule ilitoka 1998, kwa lebo ndogo ya London iitwayo Trunk Records. Hesabu wenyewe: miaka 25 baada ya filamu, minane baada ya mtunzi kuzikwa.

Sasa sikilizeni ilivyopatikana, maana hapa ndipo huwa nasisimka. Mwenye lebo, Jonny Trunk, hakuikuta kanda ya studio. Alichokipata ni kanda ya muziki na milio, isiyo na maongezi. Kanda za namna hii hutengenezwa kwa sababu ya biashara: ukitaka kuiuza filamu nchi nyingine, kule wanaweka maongezi kwa lugha yao, na unawapa muziki na milio tayari. Kwa hiyo nyimbo za Giovanni hazikuokolewa na mtu aliyezipenda. Ziliokolewa na karani fulani aliyekuwa anafikiria kuuza nje! Ukiisikiliza albamu ile ya 1998 bado unasikia milio ya kwenye filamu ikipita katikati ya muziki. Mwaka 2002 lebo nyingine, Silva Screen, ikatoa toleo safi zaidi la stereo, kutoka kwenye nakala zilizo karibu na kanda mama.

Na filamu yenyewe ni vilevile. Toleo refu lilisalia kwa sababu nakala moja ilikuwa imetumwa Marekani kwa mtengenezaji Roger Corman, ili atoe ushauri. Baadaye nakala nyingine ikakutwa kwenye hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha Harvard, ndiyo iliyosaidia toleo la mwaka 2013. Mnaona mchezo? Kilichobaki nyumbani kilipotea, kilichotumwa mbali ndicho kilichopona.

Kuna aina ya pili, nayo ni muziki usio na mwenyewe. George Romero alipotengeneza Dawn of the Dead, iliyotoka 1978, alikuwa na kundi la Goblin la Italia, na muziki wao ukatoka kama albamu. Lakini kwenye toleo lake alitumia pia vipande kibao vya maktaba ya muziki ya De Wolfe ya London. Maktaba hizi zina muziki uliorekodiwa tayari, wa huzuni, wa mbio, wa sherehe, unalipia unatumia. Ule muziki wa kichekesho wa mazombi wanaozurura kwenye jengo la maduka unatoka humo. Unaitwa The Gonk, mtunzi wake ni Herbert Chappell. Aliutunga bila kujua habari za mazombi hata kidogo. Vipande hivyo vilikusanywa na kutolewa mwaka 2004, na lebo ni ileile ya Trunk. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanaupiga mluzi bila kujua uitweje wala ni wa nani.

Kuna mtu hapo anasema, "We naye, siku hizi si kuna programu za kutenganisha sauti?" Zipo, na nimezijaribu sana tu. Ngoma na besi zinatoka vizuri. Lakini mtu anayeimba akifunikwa na mtu anayeongea, programu inachanganyikiwa, zote mbili si sauti za binadamu? Anayeimba anatoka kama yuko ndani ya pipa.

Haya yote nayasema kwa sababu ya kitu kilichopo hapahapa chuoni. Wengi wenu mliiona filamu ya wale washkaji wetu, ya dakika 22, ya mpangaji na mwenye nyumba. Dakika ya 14, wakati wale wawili wanagombania kodi, kuna sauti ya mama mtu mzima inaimba kwa mbali. Watu wengi hawakuiona kama ni kitu. Ile ni sauti ya bibi yake na mshkaji aliyepiga kinanda. Alimrekodi kwa simu kwao Lushoto, likizo ndefu, bibi anapepeta mahindi na kuimba Kisambaa. Simu ilishaibiwa kwenye daladala. Bibi amefariki Aprili mwaka huu.

Kwa hiyo bibi mzima mzima, bila ugomvi wa kodi juu yake, yuko sehemu moja tu duniani: kwenye folda ya muziki, ndani ya laptopu ya kuazima ambayo Jumatatu inarudishwa kwa mwenyewe ikiwa imefutwa. Juzi nikamuuliza mwongozaji kuhusu hiyo folda. Akanijibu, "Kaka, filamu si imeisha? Hizo takataka za nini tena?" Simlaumu, anawaza kazi ijayo. Hata wale waliofuta kanda za zamani walikuwa wanawaza kazi ijayo.

Mpiga kinanda mwenyewe alikuwa hajui kama laptopu inaondoka. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ni dakika ngapi zimo mle?" Nikamwambia nilizozisikia ni tisa. Kwenye filamu zilitumika sekunde arobaini.

Tumekubaliana hivi. Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana chumbani kwangu na laptopu. Folda ya muziki ni gigi mbili na ushee, si kitu. Tunatoa nakala tatu: moja ya mshkaji, moja anabaki nayo mwongozaji atake asitake, na moja inapanda basi kwenda Lushoto kwa mama yake. Kila flashi itakuwa na karatasi inayosema ni muziki gani, umerekodiwa wapi, lini, na nani kafanya nini. Jina la bibi litaandikwa la kwanza.

Flashi tunazo mbili. Mwenye ya tatu isiyo na kazi aje nayo, chai ya rangi na maandazi juu yangu. Nawahi kafteria kabla wali haujaisha. Tuko pamoja!