Mbona Hakianguki?

Tarehe 12 Desemba, 1970, chombo cha Marekani kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walilisimamisha baharini upande wa Malindi. Kwa kuwa Kenya ilikuwa ikisherehekea siku yake, chombo kikapewa jina Uhuru. Kazi yake ilikuwa kupokea mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota.

Marehemu mjomba wangu, mvuvi wa pwani hiyo, alikaa miaka mingi na swali moja: mbona hakikuanguka? Vijana walimcheka. Waliosoma walimjibu kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia. Jibu hilo silipendi, maana si kweli. Umbali wa kilometa 550, ambako Uhuru kilizunguka, mvutano ungali zaidi ya sehemu nane katika kumi za huu tuujuao. Nami nikiwa mwalimu wa fizikia, nikaona mzee anastahili hesabu yenyewe.

Nusu kipenyo cha dunia kwenye ikweta ni kilometa 6,378. Ongeza 550, upate 6,928. Nguvu ya mvutano wa dunia, kwa vipimo vya kilometa na sekunde, huwakilishwa na namba 398,600. Igawe kwa 6,928, kisha utafute kipeuo cha pili: ni kama 7.6. Basi chombo kilikwenda kilometa 7.6 kila sekunde. Uzito wake haumo kabisa katika hesabu. Jiwe lingekwenda vivyo hivyo.

Mjomba hakujali vipeuo. Nikamwambia, "Kinaanguka, mjomba, mita nne kila sekunde. Ila katika sekunde hiyo kimekwenda mbele kilometa saba na nusu, na kwa umbali huo dunia nayo imeinama mita nne zile zile."

Alielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Tangu utoto alikuwa akiona jahazi likienda mbali, mwili wake ukizama machoni kabla ya tanga.

"Na kikichoka?" akauliza.

Swali zuri hilo. Hata huko juu hewa ipo, nyembamba mno, nayo hukipunguzia chombo nguvu mzunguko baada ya mzunguko, kila dakika 96 hivi, kikashuka kidogo kidogo. Uhuru kiliingia katika hewa nzito mwaka 1979, kikaungua.

"Basi kilianguka," akasema, akaendelea kutengeneza nyavu zake.