Moto Huulizwa

Nyumbani kwetu Tanga, mkate wa kumimina uliokwa kwa moto wa juu na chini. Mama alisaga mchele uliolala majini usiku kucha, akauchanganya na tui, sukari, hamira na iliki, akauacha uumuke, kisha akaumimina kwenye sufuria iliyokwisha kushika moto. Chini aliacha makaa machache. Juu ya mfuniko alipalia mengi zaidi, akiyapanga pembezoni na kuacha katikati karibu patupu. Kila baada ya muda aliigeuza sufuria robo mzunguko. Mkate ulitoka na rangi moja ya asali, ukingo hadi ukingo.

Siku aliponunua jiko jipya hakulikabidhi mkate moja kwa moja. Alibandika sufuria kavu, akanyunyiza ndani yake unga wa ngano, akachutama kuutazama. Unga ulianza kubadilika rangi upande wa mlango wa jiko, upepo ulikoingilia. Akaniita: "Umeona, mwanangu? Moto haukisiwi, huulizwa."

Nilihamia Dallas, Texas, na kwa miaka mingi nikapikia oveni ya umeme. Unabonyeza namba, unasubiri kengele. Taratibu nikazoea kuamini namba kuliko macho yangu. Kisha nikanunua jiko la peleti, lile la kuchomea nyama uani.

Peleti ni vijiti vifupi vya vumbi la mbao, unene wa milimita 6 hivi, vilivyoshindiliwa kwa nguvu hadi vikashikamana. Joe Traeger wa mji wa Mount Angel, jimbo la Oregon, ndiye aliyebuni jiko hili katikati ya miaka ya 1980. Parafujo ndefu husukuma peleti kutoka kwenye sanduku hadi kwenye kikombe cha moto kilicho chini, chuma cha umeme huziwasha, na feni huupuliza moto. Juu ya kikombe hukaa bati la kuzuia miali isiifikie nyama. Kidhibiti huongeza au kupunguza peleti kwa kufuata kipimajoto kilichopachikwa ukutani mwa jiko.

Jumamosi ya kwanza nilialika watu na kupanga mapaja ya kuku kwenye wavu mzima. Skrini ilionyesha joto lilelile nililoliweka, nami nikatulia. Nilipofunua, mapaja ya kushoto yalikuwa meusi, na ya kulia, nilipoyakata, yalitoa damu mfupani. Usiku ule nilimpigia Mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Jiko ulilijaribu kwanza?"

Kesho yake nilinunua mikate miwili ya slesi, ile ya bei ya chini. Nililiwasha jiko hadi nyuzi 350 za Farenhaiti, yaani nyuzi 177 hivi za Selsiasi, nikaliacha litulie, kisha nikaufunika wavu wote kwa slesi, safu 3 za slesi 6. Baada ya dakika chache nilizigeuza moja moja bila kuvuruga mpangilio. Ramani ya jiko langu ilikuwa mbele yangu: kushoto kahawia iliyoiva, nyuma mstari mweusi, katikati dhahabu, kona ya kulia mbele bado nyeupe. Namba ya kwenye skrini ilikuwa kweli, ila ilikuwa kweli ya pale kipimajoto kilipokaa tu.

Niliacha jiko lipoe, nikatazama ndani. Joto la jiko hili hupanda kwa kuzunguka kingo za bati, na bati langu lilikuwa limekaa upande, likiacha mwanya mpana kushoto. Nikalisogeza hadi mianya ikalingana, nikazoa majivu kwenye kikombe cha moto, nikarudia jaribio. Kahawia ile ya kushoto ilikwisha. Mstari wa nyuma ulibaki, umefifia, nami nikauacha. Huko sasa huweka mapaja yenye mfupa, na samaki hukaa mbele. Katikati ya upishi huhamisha vipande, kama Mama alivyogeuza sufuria, na sitoi kuku kabla joto la ndani ya nyama halijafika nyuzi 74 za Selsiasi.

Mama naye sasa anapikia gesi. Makaa yametoka mikononi mwake kama yalivyotoka mikononi mwangu, na mchomaji wa jiko la peleti hahitaji kupepea wala kupulizia. Kazi ya kuuchochea moto tumeiachia mashine. Kazi ya kuujua bado ni yetu, kwa sababu hakuna jiko linalopasha joto sawasawa kila mahali, na mawili ya aina moja yanaweza kutofautiana kwa bati lililosogea kidogo tu.

Basi wewe unayeleta jiko jipya nyumbani, liwe la mkaa, la gesi au la peleti, usianze na nyama ya wageni. Anza na unga kiganja kimoja au mkate wa bei nafuu, uliulize jiko lako, na ukumbuke jibu lake kila unapopanga chakula.