Upepo wa Barabarani Usituibie Masikio

Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Tunduma. Mkoa wetu wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nilikuwa tayari niko barabarani, na mpaka leo pikipiki ndiyo inayonilisha. Ushuhuda huu nautoa kwa madereva wenzangu, maana kilichobadilisha kazi yangu ni kitu kidogo kuliko ncha ya kidole, na jozi yake niliipata kwa pesa pungufu ya lita moja ya petroli. Ni vizibo vya masikio.

Anayeijua Tunduma anayajua makelele yake. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni kuelekea mpaka wa Nakonde, honi hazikomi, breki zinapiga chafya, maduka yanashindana kwa spika, na vijana wanatoboa ekzozi ili pikipiki ingurume. Waulize watu kijiweni ni kelele gani mbaya, wote watakuonyesha lori. Lakini lori hupita. Kelele inayokaa na dereva safari nzima ni ile ya upepo unaozunguka ndani ya helmeti, na kwa kuwa tumeizoea, hakuna anayeihesabu kuwa kelele.

Mimi abiria wangu wengi ni wa mbali. Wapo wa Vwawa na Mlowo, wapo wa Ndalambo kwa njia ya Sumbawanga, na tangu lami ya Mpemba hadi Isongole iwekwe, wapo wa Ileje pia. Huko ndiko mtu anakofungulia mafuta. Nikirudi jioni nilikuwa nasikia mluzi masikioni, kama redio iliyopoteza stesheni. Nikilala, upo. Kukicha unakuwa umekata, basi nikawa naona ni uchovu tu. Baadaye ukawa haukati.

Kilichonishtua hasa ni namba za simu. Abiria anakutajia namba umrushie chenji, mimi nasikia sita, yeye kasema tisa. Mwingine anasema Chipaka, mimi nageuza kuelekea Chapwa. Nyumbani mama watoto akalalamika kwamba televisheni inasikika hadi kwa jirani. Sauti nzito za wanaume wenzangu kijiweni nilizipata vizuri. Za wanawake na watoto ndizo zilizokuwa zinaniponyoka.

Nilikwenda Mbeya kupima masikio. Unakaa mahali tulivu, unavalishwa spika za masikioni, na kila ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Mwisho daktari akanionyesha mchoro: mstari umekwenda vizuri, halafu kwenye sauti nyembamba ukatumbukia, ukainuka tena kidogo. Akasema shimo la namna hiyo ni dalili ya sikio lililoumizwa na kelele. Herufi kama s, t, k na f huishi kwenye sauti hizo nyembamba, ndiyo maana sita na tisa zilinichanganya. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Kelele huvichosha, ikizidi huviua, na vikifa havioti tena. Pikipiki ikifa fundi yupo na spea zipo. Sikio halina spea.

Vizibo vya kwanza nilivipata kwa abiria. Alikuwa kijana wa mgodi wa dhahabu upande wa wilaya ya Songwe, anarudi nyumbani likizo. Tulipokuwa tunapatana nauli nikawa namrudishia kila neno: “Unasemaje?” Akacheka, akatoa mfukoni pakiti ya vizibo vya sponji vya rangi ya chungwa. “Kaka, sisi kwenye mashine bila hivi huingii. Wewe nani anakukagua?”

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Mgodini kelele ina hesabu yake. Kikomo kinachotumika sana, kwa kipimo cha sauti kiitwacho desibeli, ni 85 kwa saa nane. Kelele ikipanda kwa desibeli tatu, muda salama unakatwa nusu: kwenye 88 ni saa nne, kwenye 91 ni saa mbili, kwenye 94 saa moja, na ukifika 100 umebakiwa na robo saa tu. Sasa rudi barabarani. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo wa kilometa 60 hivi kwa saa, upepo ndani ya helmeti huwa karibu desibeli 90. Ukikaribia 100 kwa saa, kelele nayo hufika kama 100. Kutoka hapa hadi Mbeya mjini ni zaidi ya kilometa mia moja. Fanya hesabu mwenyewe uone safari moja inakula kiasi gani cha muda salama wa siku. Na usidhani helmeti inakukinga: hiyo inalinda fuvu, na upepo unaoingia kwa chini ndio unaopiga ngoma humo ndani.

Siku niliyoviweka nikaelekea Vwawa, nilitegemea kuwa kiziwi. Haikuwa hivyo. Mvumo ule mzito ulishuka, injini nikaisikia vizuri kuliko mwanzo, hata mnyororo uliolegea ukajitangaza. Lori lilipopiga honi nyuma yangu nilisikia, nikampisha. Sababu ni rahisi: kizibo kinapunguza upepo na honi kwa pamoja, kwa hiyo honi inabaki juu ya upepo kama ilivyokuwa. Nilipofika, kichwa kilikuwa chepesi. Ule uchovu wa jioni niliokuwa nausingizia jua na vumbi, sehemu kubwa ulikuwa uchovu wa kelele.

Kijiweni walinitania. Wakasema nimeziba masikio nisisikie wanaonidai. Mama mmoja mtu mzima niliyekuwa nampeleka Mlowo aliniuliza kwa wasiwasi, “Mwanangu, umeziba masikio, nikitaka kushuka utanisikiaje?” Nikamwambia, “Mama, nigonge bega, nasimama hapo hapo.” Tangu hapo kila abiria wa mbali namweleza hivyo kabla hatujaondoka, na naona ni salama kuliko kupigizana kelele kwenye upepo huku nimegeuza shingo.

Matumizi yake yana utaratibu. Nawa mikono. Kiviringe kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kama nusu dakika kivimbe na kujaa. Ndipo uvae helmeti. Kikining’inia nje hakifanyi kazi. Usiazimane na mwenzako, na kikichafuka au kikikakamaa kitupe. Sikio linalouma au kutoa usaha usiliwekee chochote, nenda hospitali kwanza. Pamba haisaidii, inapunguza kelele kidogo mno. Wanaovaa spika za masikioni na kupandisha muziki ili uushinde upepo wanaongeza kelele juu ya kelele. Katikati ya mji, mwendo mdogo, watu wanavuka ovyo na abiria wanaita, mimi navitoa. Naviweka kwa safari za barabara kuu.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Mluzi bado upo usiku kukiwa kimya, na yaliyopotea kwenye ule mchoro hayakurudi. Ila niliporudi kupima, mstari haukuwa umeshuka zaidi, na nikishuka kwenye pikipiki jioni naongea na watoto bila kuwarudisha nyuma kwa “unasemaje”.

Ndugu zangu, bodaboda ni kazi ya kelele kama ya mgodini, ila sisi hatuna msimamizi wa kutugawia vifaa mlangoni. Viongozi wa vijiwe, mnapokumbushana helmeti na leseni, taja na vizibo. Bosi unayekabidhi pikipiki mpya, weka pakiti moja juu ya ile helmeti. Na wewe kijana uliyeanza juzi, ambaye masikio yako bado mazima, usisubiri mluzi ukuanze. Vinunue leo, kabla ya safari ya kesho.