Kandanda na Historia ya Vita

Wako watu wasemao kwamba mwalimu wa kandanda hahitaji kusoma kitabu zaidi ya kile cha sheria kumi na saba za mchezo. Sisi tunaofundisha vijana katika bonde la Jangwani hatukubaliani na kauli hiyo, na lugha yetu yenyewe yaikanusha. Timu twaiita kikosi. Mabeki ni walinzi, na mahali pao ni ngome. Mkwaju mkali ni kombora. Maneno haya hayakuja bure. Kandanda ya Dar es Salaam ilikua katika zama za ngoma ya beni, ambamo Marini na Arinoti walishindana kwa gwaride, vyeo na sare za kijeshi. Katika mji huo ndimo ilimozaliwa Young Africans mwaka 1935, na mwaka uliofuata klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, ambayo tangu 1971 ni Simba.

Basi tuliamua kusoma historia ya vita, nasi tulianza na ya kwetu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Waliijua njia atakayopita adui, wakajificha vichakani, wakangoja hadi msafara umekuwa mrefu na mwembamba, ndipo wakauvamia kwa pamoja. Pambano lilikuwa fupi mno, na Zelewski mwenyewe aliuawa. Mwalimu aonapo timu pinzani imepanda yote mbele, viungo wake wakiwa mbali na mabeki, na aikumbuke Lugalo. Kungoja si woga, ilimradi wote waondoke kwa ishara moja.

Hata hivyo historia haifundishi kwa ushindi peke yake. Mwaka 1894 Wajerumani walirudi, safari hii wakiongozwa na Friedrich von Schele, na Wahehe waliwangojea ndani ya boma lao la Kalenga. Kuta za boma hazikufua dafu mbele ya mizinga. Tarehe 30 Oktoba likaanguka. Mkwawa aliponyoka, akarudia vita vya kuvizia hadi kifo chake mwaka 1898. Tangu tuliposoma habari hiyo, tumeacha kuwaamuru vijana wetu walinde goli moja kwa dakika arobaini nzima. Ngome isiyotoa mtu wa kumsumbua mpinzani humpa mpinzani nafasi ya kuchagua pa kubomoa.

Na huko Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walikwenda kifua mbele kuikabili bunduki ya rashasha, wakafa kwa wingi. Ushujaa haukuwapungukia. Kijana atakaye kupita katikati ya mabeki watatu kwa nguvu za moyo tu, twamsimulia habari za Mahenge, kisha twamwonyesha winga aliyesimama peke yake pembeni.

Lakini ndugu msomaji atatuuliza: je, hamwafundishi watoto kuchukiana? Swali hili ni zito, maana tumewahi kuona ngumi zikirushwa kwa ajili ya goli. Jibu letu ni kwamba vita hutaka kummaliza adui, na kandanda haiwezi kuishi bila mpinzani. Mwaka 1968 Yanga iliifunga Sunderland magoli 5 kwa 0. Mwaka 1977 Simba ikalipa kwa 6 kwa 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Mwaka 2023 Yanga ikashinda 5 kwa 1. Kila aliyeshindwa alirudi nyumbani, Jangwani au Msimbazi, mwendo mfupi tu kutoka kwa mshindi, akaanza kujiandaa upya.

Kwa hiyo klabu hizi mbili huitwa watani wa jadi, wala haziitwi maadui. Neno hilo lina historia yake: makabila kadhaa ya nchi hii yaliyopigana zamani yaligeuza uhasama kuwa utani, wakazikana na kuchekana misibani. Mwalimu wa kandanda na asome vita apate akili ya Lugalo, kisha awafundishe vijana wake utani, ili filimbi ya mwisho ikilia wajue kwamba mpinzani wao ni jirani, na kesho watakutana naye Kariakoo sokoni.