Dozi tatu, mapenzi matatu

Jamani, kuna ugomvi wa ndani ya nyumba unaoanzia kwenye simu, na kuna unaoanzia kwenye hela. Wetu ulianzia kwenye chupa ya dawa ya mtoto.

Ilikuwa Jumatano. Mwanetu Junior, mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa na mafua na kikohozi siku ya pili. Foleni ya Ubungo ilikuwa imenimaliza. Nafika nyumbani saa mbili usiku, namkuta anachemka. Kipimajoto kinasoma 39.2. Sikumuuliza mtu. Nikachukua kijiko cha jikoni, nikampa dawa ya maji ya parasetamoli, nikamfunika blanketi.

Saa tatu bado wa moto, amenuna, hataki hata kubebwa. Tukaingia kwenye gari, mbio hospitali.

Daktari aliuliza swali dogo tu: "Amepewa dawa gani, na saa ngapi?"

"Parasetamoli, saa mbili," nikajibu kwa kujiamini.

Mume wangu akageuka. "Mama Junior, umempa tena? Mbona mimi nilimpa saa kumi na mbili na nusu!"

Tukampigia dada wa kazi. "Shikamoo mama. Mimi nilimpa saa kumi na moja, alikuwa wa moto sana."

Dozi tatu ndani ya saa tatu! Nilitamani sakafu inimeze.

Daktari hakutugombeza. Alimpima uzito: kilo 10. Akatueleza kwamba dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, zipite angalau saa nne kabla ya nyingine, na zisizidi nne kwa saa 24. Chupa yetu ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo Junior anatosheka na hizo 5, zilizopimwa kwa kipimo cha dawa, si kijiko cha jikoni. "Safari hii haijafika kiwango cha kumdhuru," akasema. "Ila mkienda hivi siku mbili tatu, ini ndilo litakaloumia."

Kisha akasubiri atulie, akamfunua kifua na kuhesabu pumzi dakika nzima: 36. Kwa umri wake, kuanzia 40 ndiyo haraka. Malaria wakapima, hakuna. Ni virusi vya mafua, hakuna haja ya antibayotiki. "Homa ni mwili unapigana," akasema. "Dawa hampi ili namba ishuke, mnampa ili apate nafuu, anywe na alale." Blanketi tuliache, nguo nyepesi zinatosha, na maji ya baridi tusimmwagie.

Ndani ya gari tukawashana. Mimi sikutuma hata meseji, yeye naye hakutuma. Mimi nachelewa kurudi, yeye haongei. Kufika nyumbani tukanyamaza. Kumbe hakuna aliyezembea. Kila mmoja alimpenda mtoto peke yake, bila kumwambia mwenzake.

Siku hizi kuna karatasi mlangoni mwa friji na kalamu imefungwa kwa uzi: saa, mililita, nani kampa. Dada naye anaandika, na akiona dozi bado mapema anatukatalia hata sisi. Tumemshukuru mara nyingi.

Chini ya karatasi tumeandika mambo ya kutokungoja asubuhi: anapumua haraka, kifua kinabonyea akivuta pumzi, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au haamki vizuri. Na kama una mtoto wa chini ya miezi mitatu, mwenzangu, homa yoyote ni ya kwenda kwa daktari.

Junior alipona ndani ya wiki. Sisi wawili tulichukua muda kidogo zaidi. Leo usiku, kabla hujafungua ile chupa, muulize mwenzako kwanza: "Umeshampa?"